Biti haikai sawa: kutafuta kosa kwenye sikwensa ya hatua

Ukipanga ngoma kwenye sikwensa ya kinanda (sehemu inayopiga noti yenyewe, hatua kwa hatua) na kinachotoka si kile kilichokuwa kichwani, mkono hukimbilia nobu iliyo karibu. Unaongeza tempo, unabadilisha snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), unamimina mwangwi, na baada ya muda mfupi palipokuwa na kosa moja pana matatu. Kosa la sikwensa huwa limekaa katika mojawapo ya sehemu tatu: kwenye ruwaza yenyewe (hatua zipi zimewashwa, kwa nguvu gani, kwa urefu gani), kwenye sauti (seti ya ngoma, chaneli, kiwango), au kwenye saa inayoendesha hatua. Tambua kwanza ni sehemu ipi, kisha gusa hapo tu.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, tengeneza ruwaza ya majaribio na uihifadhi kwenye nafasi ambayo hutaifuta kamwe. Hatua 16, kila hatua ikiwa robo ya pigo la muziki. Kiki (ngoma nene ya mguu) kwenye hatua ya 1, 5, 9 na 13. Snea kwenye 5 na 13. Haihati (matoazi mawili yanayogongana) iliyofungwa kwenye 3, 7, 11 na 15. Nguvu ya kila pigo 100, swingi (kiasi cha kuchelewesha hatua za namba shufwa) 50%, tempo 100, saa ya ndani, bila efekti yoyote. Chomoa kila kebo iliyo nyuma ya kinanda isipokuwa ya umeme na ya vipokea sauti vya masikioni.

Ruwaza hii haina uzuri wowote wa kimuziki, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu unajua bila shaka inavyopaswa kusikika. Ikicheza vizuri, kinanda ni kizima, na kosa limo ndani ya ruwaza yako au kwenye kebo ulizochomoa. Ikicheza vibaya, kosa limo kwenye mipangilio ya kinanda, na hata ukipanga hatua upya mara ngapi hutalifikia.

Taa zinakimbia lakini hakuna sauti

Acha ruwaza iendelee kuzunguka, halafu bonyeza kwa mkono funguo ya kinanda inayobeba kiki. Ikilia, upande wa sauti ni salama na tatizo ni namna sikwensa inavyozungumza nao. Isipolia, achana na hatua kabisa, nenda kwenye sauti.

Upande wa sauti, angalia kwanza mambo mepesi: njia ya ngoma, yaani mstari wa sikwensa unaobeba ngoma, imezimwa kwa kitufe cha kunyamazisha, au njia nyingine imewekwa isikike peke yake na hivyo kuzinyamazisha zote. Hili la pili huwachosha watu wengi, kwa sababu taa ya kunyamazisha haiwaki kwenye njia ya ngoma, kumbe kilichoizima kiko njia ya nne. Kisha angalia kiwango cha njia, kiwango cha sauti moja moja ndani ya seti, na kama kweli sauti iliyochaguliwa ni seti ya ngoma. Ikiwa njia hiyo imepewa piano, noti ya kiki italia kama piano ya chini sana ambayo spika ndogo huitoa kwa unyonge, nawe unaweza kudhani ni kimya.

Upande wa sikwensa, mshukiwa wa kwanza ni chaneli. MIDI ni lugha ambayo vifaa vya muziki hutumia kupeana noti na amri. Katika mfumo wake wa General MIDI, uliotangazwa mwaka 1991, ngoma hukaa chaneli ya 10. Vinanda vingi vimebaki na desturi hiyo, lakini si vyote, na njia ya sikwensa inaweza kuwa inatuma chaneli ya 1 huku seti ya ngoma ikisikiliza ya 10. Mshukiwa wa pili ni nguvu ya pigo. Katika MIDI nguvu hupimwa 1 hadi 127, na noti iliyotumwa kwa nguvu 0 huhesabiwa kuwa amri ya kuzima noti, basi hatua inaweza kuwaka taa vizuri kabisa na isitoe chochote. Kwenye mashine zenye uwezekano wa hatua, yaani asilimia inayoamua kama hatua ilie au irukwe katika mzunguko husika, asilimia iliyoshuka hadi 0 huleta kimya hichohicho.

Taa hazitembei kabisa

Karibu kila mara ni saa. Kinanda kimewekwa kifuate saa ya nje, nayo haipo. Rudisha kwenye saa ya ndani na ubonyeze kucheza. Kama saa ya nje ipo kweli, na tempo kwenye skrini inaifuata, lakini hatua hazianzi, basi mapigo ya saa yanafika bila amri ya kuanza. Katika MIDI hivyo ni vitu viwili tofauti: mapigo ya saa hutiririka peke yake, na amri za kuanza, kusimama na kuendelea hutumwa kando. Programu ya kurekodi kwenye kompyuta huwa na visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha saa na kingine cha amri hizo. Washa vyote viwili.

Ngoma zinalia, lakini si zile ulizoziweka

Uliweka kiki, ukapata tomu (ngoma ya toni isiyo na mlio wa snea). Uliweka haihati, ukapata tari. Dalili hii ina faida moja kubwa: ukijua namba, yenyewe inakuambia kosa ni lipi. Katika mpangilio wa General MIDI kiki ni noti ya 36, snea ni 38, makofi ni 39, haihati iliyofungwa 42, haihati iliyo wazi 46. Sasa fikiria kitufe cha oktava kimebonyezwa mara moja kwenda juu. Kila namba inaongezeka 12. Kiki ya 36 inakuwa 48, ambayo ni tomu ya juu-kati. Snea ya 38 inakuwa 50, tomu ya juu. Haihati ya 42 inakuwa 54, tari. Ukisikia tomu mbili na tari, hakuna haja ya kufungua menyu hata moja. Rudisha oktava.

Ukisikia kiki imegeuka snea, na haihati iliyofungwa imegeuka haihati ya mguu, kila kitu kimesogea kwa noti mbili, kwa sababu 36 imekuwa 38 na 42 imekuwa 44. Hapo kilichoguswa ni ufunguo wa wimbo, si oktava. Mtu alihamisha kinanda kizima ili mwimbaji aimbe vizuri, na ngoma zikahamishwa pamoja na gitaa la besi. Vinanda vizuri huikinga chaneli ya ngoma na uhamisho huo. Vingine vina chaguo la kuikinga lililofichwa ndani ya mipangilio ya njia. Likiwepo, liwashe na usilizime tena.

Usiamini majina ya noti unapolinganisha vifaa viwili. Noti ya 36 huandikwa C1 kwenye vifaa vya Yamaha na C2 kwenye vya Roland, na watengenezaji wengine wamegawanyika vivyo hivyo. Namba haibadiliki, basi linganisha namba.

Biti inakwenda mbio maradufu, au inajikokota, ilhali tempo ni sahihi

Hili ni suala la thamani ya hatua moja. Ruwaza ya hatua 16 inajaza kipimo kimoja cha mapigo manne iwapo kila hatua ni robo ya pigo. Ukiweka kila hatua iwe nusu ya pigo, hatua zilezile 16 zitachukua vipimo viwili na kila kitu kitasikika cha polepole kwa nusu. Ukiweka thuluthi za pigo, hatua 12 ndizo zinazojaza kipimo, na nne zilizobaki zinamwagikia kipimo kinachofuata. Kwa tempo ya 120, pigo moja ni milisekunde 500 na hatua ya kawaida ni 125. Ukihisi hatua zinapita kwa milisekunde 250, thamani ya hatua imeongezwa mara mbili, na kupandisha tempo hadi 240 ili kufidia kutakuharibia kila kitu kingine kinachofuata tempo, kuanzia mwangwi wa kurudia mpaka apejio (noti za kodi zinazopigwa moja moja).

Kuna mkanganyiko mwingine usio kosa la mashine: biti ya 70 na biti ya 140 zinaweza kuwa kitu kilekile, tofauti ikiwa mahali snea ilipo. Snea kwenye 5 na 13 kwa tempo ya 70 hupiga kwa umbali uleule na snea kwenye hatua ya 9 peke yake kwa tempo ya 140. Mimi huchagua 140 kila ninapotaka haihati za haraka sana, kwa sababu hatua zinakuwa fupi na nafasi ya kuchora inaongezeka.

Ruwaza inarudi mapema, au ngoma zinaachana taratibu

Inarudi mapema: hatua ya mwisho imewekwa mahali pasipo pake. Kwenye vinanda vingi unashika kitufe cha urefu na kubonyeza hatua unayotaka iwe ya mwisho, na ni rahisi kuigusa ya 15 ukidhani ni ya 16.

Zinaachana taratibu: njia zina urefu tofauti. Ikiwa kiki ina hatua 16 na haihati ina 12, zitaanza pamoja, zitapishana, kisha zitakutana tena baada ya hatua 48, yaani vipimo vitatu. Watu wengi huifanya kwa makusudi, na matokeo yake hupendeza. Ila 15 dhidi ya 16 hukutana baada ya hatua 240, vipimo kumi na tano vizima, na kwa sikio hiyo ni biti inayoteleza bila kupata mahali pa kukanyaga. Ukisikia mteremko wa namna hiyo usiokusudiwa, fungua urefu wa kila njia mojamoja. Urefu unaoonyeshwa kwenye skrini ya ruwaza nzima unaweza kuwa sahihi huku njia moja ndani yake ikiwa na wake.

Kama unachotaka ni mdundo wa mapigo manne yaliyogawanywa tatutatu, hatua 16 hazitakupa hata ukisukuma swingi kiasi gani. Weka urefu wa 12 na thamani ya hatua iwe thuluthi ya pigo, kiki kwenye 1 na 7, snea kwenye 4 na 10, halafu haihati ijaze kadiri unavyopenda. Dakika mbili za kubadilisha gridi zina thamani kuliko saa nzima ya kulazimisha mdundo wa tatu ukae kwenye gridi ya nne.

Swingi haisikiki, au imezidi

Unazungusha swingi kutoka 50 hadi 65 na biti haibadiliki hata kidogo. Kabla ya kudhani nobu imekufa, tazama ni hatua zipi zimewaka. Swingi ya kawaida huchelewesha hatua za namba shufwa: 2, 4, 6, hadi 16. Hatua witiri haziguswi. Ile ruwaza ya majaribio hapo juu ina mapigo kwenye hatua witiri tupu, kwa hiyo unaweza kuipa swingi yoyote na itabaki vilevile. Washa haihati kwenye hatua zote 16 na uzungushe tena. Utaisikia papo hapo. Swingi inahitaji kitu cha kuchelewesha. Pigo moja la kiki kwenye hatua ya 8 au snea nyepesi kwenye ya 10 inatosha kuufanya mdundo mzima uanze kuyumba.

Namba zenyewe husomwa hivi kwenye mashine zinazotumia asilimia, mtindo uliotokana na kazi ya Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma: chukua hatua mbili pamoja, kisha ujiulize ya pili inaanza baada ya sehemu gani ya muda wao. Kwa tempo ya 100, hatua mbili ni milisekunde 300. Swingi ya 50% inaiweka ya pili kwenye 150, katikati kabisa. Ya 58% inaiweka kwenye 174. Ya 66% inaifikisha karibu 200, ambako ni thuluthi mbili kamili, na 75% inaifikisha 225, ambako mdundo unaruka zaidi ya kuyumba. Utamu, kwa sikio langu, uko kati ya 53 na 60. Hapo mtu hatambui kwamba kuna swingi. Anachojua ni kwamba kichwa kimeanza kutikisika. Baadhi ya vinanda huanza kuhesabu kutoka 0, mahali ambapo vingine vinaandika 50, basi usinakili namba kutoka mashine moja hadi nyingine bila kusikiliza.

Swingi ikizidi, biti inachechemea, na sababu ya kawaida ni kwamba imewekwa mara mbili. Kinanda kina swingi yake, nayo programu ya kompyuta inaongeza yake juu ya noti zilezile. Chagua mmoja awe mwenye swingi na mwingine umweke 50. Sababu nyingine ni kwamba njia moja tu ndiyo yenye swingi: haihati inayumba, lakini besi inayocheza hatua zilezile imenyooka, na kila hatua shufwa zinasikika kama wapigaji wawili wasiosikilizana. Ipe besi swingi ileile na ugomvi utaisha.

Kila kitu kiko mahali pake, lakini biti imekufa

Malalamiko ya dalili hii ndiyo mengi kuliko ya zote, na ndiyo ambayo watu huitibu kwa dawa isiyo yake. Wananunua sampuli (sauti zilizorekodiwa) mpya. Wanaongeza njia ya tatu ya ngoma za mkono. Biti inabaki imekufa kwa sababu kosa halimo kwenye sauti wala kwenye mahali pa hatua, limo kwenye nguvu za mapigo. Unapowasha hatua kwa kubonyeza kitufe, mashine nyingi huipa nguvu ileile kila mara, mara nyingi 100. Haihati 16 za nguvu 100 zinasikika kama cherehani.

Fanya jaribio hili. Acha haihati kwenye hatua zote 16, usiguse kiki wala snea, na uzipe hatua nne za kwanza nguvu ya 100, 45, 75, 40. Rudia vivyo hivyo kwa nne zinazofuata, mpaka mwisho. Sikiliza. Sasa shusha ile ya hatua ya 9 hadi 85 na uipandishe ya 15 hadi 90. Sikiliza tena. Hakuna noti iliyoongezwa, hakuna iliyosogezwa, na mdundo umeanza kupumua. Mpigaji wa kweli hapigi mapigo mawili sawa, mkono wake unapanda na kushuka, na sikio la msikilizaji limeujua mwendo huo tangu utotoni hata kama hajawahi kushika fimbo.

Kisha nenda kwenye snea. Ziache 5 na 13 zibaki na nguvu 110 au zaidi, na uongeze mapigo ya chinichini kwenye hatua ya 8 na 10, nguvu kati ya 20 na 35. Yanapaswa kuhisiwa zaidi ya kusikika. Kipimo ninachotumia ni kuyazima ghafla biti ikiendelea: ukiona kitu kimepungua lakini huwezi kusema mara moja ni nini, nguvu ni sawa. Ukiweza kuyahesabu, yamepiga kelele mno.

Ukishusha nguvu na usisikie tofauti, sauti yenyewe haisikilizi nguvu. Ndani ya mipangilio ya kila sauti ya ngoma kuna kipengele kinachoamua nguvu iathiri kiwango kwa kiasi gani, na kwenye baadhi ya seti za kielektroniki kimewekwa 0, hasa zile zinazoiga mashine za zamani. Roland TR-808 ya mwaka 1980 haikuwa na nguvu kwa kila pigo. Ilikuwa na mkazo mmoja uliozigusa sauti zote za hatua hiyo kwa pamoja. Seti inayoiga tabia hiyo kwa uaminifu itakupa tabia hiyo. Pandisha kipengele hicho, na ikiwezekana ielekeze nguvu kwenye filta (kichujio cha masafa) pia, ili pigo jepesi liwe na mng'aro mdogo na si sauti ndogo peke yake. Hapo ndipo haihati ya kielektroniki inapoacha kusikika kama faili moja linalorudiwa.

Baada ya nguvu, na baada yake tu, gusa muda. Kinanda chako kikikuruhusu kusogeza hatua moja mbele au nyuma kidogo, icheleweshe snea kwa milisekunde 10 hadi 15. Kwa tempo ya 90 hatua nzima ni karibu milisekunde 167, kwa hiyo huo ni mvuto mdogo sana, lakini mwili unausikia. Kiki iache mahali pake. Ukisogeza kila kitu, hakuna kilichosogea.

Na kabla hujaongeza chochote, jaribu kuondoa. Zima kiki moja ambayo unaona haiwezi kukosekana. Mara nyingi biti nzito ni ile yenye shimo mahali pazuri.

Pigo moja linalia mara mbili, au ngoma zina mlio wa ndani ya bomba

Hii hutokea kinanda kikiwa kimeunganishwa na kompyuta. Sikwensa inapiga sauti za ndani, na wakati huohuo inatuma noti kwenye kompyuta, nayo kompyuta inazirudisha kinanda kilie tena. Mapigo mawili yanayofanana yakipishana kwa milisekunde chache, baadhi ya masafa hufutana, na unapata ule mlio wa bomba. Yakiangukia pamoja kabisa, ngoma inaongezeka kiwango kwa takribani desibeli 6 na kuanza kukwaruza. Zima usikilizaji wa ndani wa kinanda kwenye menyu ya MIDI, au zima urudishaji wa noti kwenye programu. Kimoja kati ya hivyo, si vyote viwili. Ukizima vyote utarudi kwenye dalili ya kimya.

Ukitaka uthibitisho, chomoa kebo ya USB biti ikiendelea. Mlio ukisafika mara moja, umempata mhusika.

Haihati iliyo wazi haikatiki

Kwenye ngoma halisi, haihati haiwezi kuwa wazi na kufungwa kwa pamoja. Seti ya ngoma huiga jambo hilo kwa kuweka sauti hizo mbili kwenye kundi moja la kukatana. Ukibadilisha moja kati ya hizo kwa sampuli yako mwenyewe, kundi linaweza kupotea. Zipe namba moja ya kundi. Ukiwa umeziweka kwenye njia mbili zenye seti mbili tofauti, kundi halitafanya kazi hata namba zikilingana. Zihamishie kwenye seti moja. Na usiziwashe zote mbili kwenye hatua moja, kwa sababu mashine itachagua mshindi kwa utaratibu wake.

Sauti zinakatwa kabla hazijaisha

Hapa kuna njia mbili za kugawanya. Je, mapigo yanakatwa hata njia ya ngoma ikicheza peke yake? Basi ni urefu wa noti: sauti imewekwa ilie kwa muda ambao noti imeshikwa, na hatua yako ni fupi. Iweke katika hali ya kulia mpaka mwisho bila kujali noti imeachiwa lini, au refusha muda wa kufifia. Je, zinakatwa tu wakati kinanda, besi na nyuzi zote zinacheza? Basi idadi ya sauti ambazo kinanda kinaweza kutoa kwa mpigo imejaa, na mashine inazikatisha za zamani ili kupisha mpya. Simbali ndefu ndiyo huumia kwanza. Punguza muda wa kuachia kwenye nyuzi, punguza tabaka, au ipe njia ya ngoma kipaumbele kama menyu inaruhusu.

Ulirekodi kwa mkono, mapigo yakaangukia hatua nyingine

Ukirekodi moja kwa moja huku ruwaza ikizunguka, mashine huvuta kila pigo hadi hatua iliyo karibu. Pigo la kwanza likipotea, tazama hatua ya 16. Uliligonga mapema kidogo, nalo likahesabiwa kuwa la mwisho wa mzunguko uliopita. Anza kurekodi baada ya mzunguko mmoja wa kuhesabu, au lisogeze kwa mkono.

Yote yakichelewa kwa usawa, sababu iko kwenye kompyuta. Sauti ikipita kwenye akiba (bafa) ya sampuli 512, yaani vipande vidogo vya sauti, kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde, inachelewa karibu milisekunde 11.6, na hiyo ni kwa upande mmoja tu, kuingia au kutoka. Unasikia kwa kuchelewa, unafidia kwa mkono, na mapigo yanahama. Shusha akiba hadi 128, ambako ni karibu milisekunde 2.9, au sikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kinanda wakati wa kurekodi.

Mashine mbili hazitembei pamoja

Anza kwa uwiano. Mashine ya pili ikikimbia mara mbili kamili, au nusu kamili, saa inafika salama ila zinahesabu tofauti. Saa ya MIDI hutuma mapigo 24 kwa kila pigo moja la muziki, sawa na 6 kwa kila hatua ya kawaida, na hapo hakuna mabishano. Mabishano yako kwenye saa zisizo za MIDI, zinazotumwa kama mapigo ya umeme kwenye kebo yake: Korg Volca hutarajia mapigo 2 kwa pigo la muziki, vifaa vingine hutuma 4, mashine za zamani za Roland zilitumia 24 na za Korg 48. Kifaa kinachotarajia 2 kikipewa 4 kitakwenda mbio maradufu. Tafuta kipengele hicho kwenye menyu za pande zote mbili na uvilinganishe.

Zikianza pamoja na kuachana taratibu, hazifuatani kabisa. Kila moja iko kwenye saa yake ya ndani, na tempo zimefanana kwa macho tu. Lazima mmoja awe kiongozi na waliobaki wafuate. Zikitikisikatikisika badala ya kuachana, punguza msongamano. Kebo ya MIDI ya kawaida hubeba biti 31,250 (za data, si za muziki) kwa sekunde, na noti moja huchukua karibu milisekunde 1. Ngoma sita kwenye hatua moja zinatoka kwa foleni, ya mwisho ikiwa nyuma kwa takribani milisekunde 5 au 6. Ukiongezea mienendo ya filta inayotumwa mfululizo kwenye kebo hiyohiyo, kiki inasubiri nyuma ya vitu visivyo na umuhimu. Iondoe mienendo hiyo kwenye kebo, au ihamishie ngoma kwenye USB.

Kiki haina uzito, au inakwaruza

Inakwaruza: shusha njia zote za ngoma kwa desibeli 6 na upandishe kiwango kikuu. Haina uzito: ukiwa umepandanisha kiki mbili, zima moja. Uzito ukiongezeka, zilikuwa zinafutana, na unahitaji kugeuza mwelekeo wa wimbi la moja au kuisogeza kidogo. Na usiamue lolote kuhusu kiki kwa spika za ndani za kinanda, ambazo hazifiki mahali kiki inapoishi.

Sauti inajibadilisha yenyewe kwenye hatua fulani

Kila mzunguko, kwenye hatua ya 7, snea inapanda toni au filta inafunguka. Wakati fulani nobu iliguswa huku kurekodi kumewashwa, na mwendo huo ukaandikwa ndani ya hatua. Futa mienendo ya njia hiyo peke yake. Mashine nyingi hukuruhusu kufanya hivyo bila kugusa noti.

Ruwaza imerudi ilivyokuwa jana

Ulichokihariri kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, na kubadilisha ruwaza au kuzima umeme kumekifuta. Hakirudi. Kuanzia sasa hifadhi kabla ya kuhamia ruwaza nyingine, na uangalie kama kinga ya kuandika imewashwa, kwa sababu baadhi ya vinanda hukataa kuhifadhi bila kukuonya.

Dalili isiyoingia popote hapo juu, ambayo ruwaza ya majaribio nayo inaionyesha huku kebo zote zikiwa zimechomolewa, ndiyo pekee inayostahili kurudisha kinanda kwenye mipangilio ya kiwandani. Kabla ya kufanya hivyo, nakili ruwaza, seti na mipangilio yote kwenye kompyuta kupitia USB au kwenye kadi, fungua nakala hiyo uone kama ina kitu ndani, kisha ubonyeze. Ukirejesha kazi yako, rejesha ruwaza kwanza na uicheze, halafu seti, halafu mipangilio ya mfumo mwishoni. Kosa likirudi, utajua limekuja na faili lipi.